Mwalimu Aliyejua Vitu Vinapofia

Siku tuliyokutana alininyang'anya beseni. Nilikuwa nimelinunua asubuhi hiyo sokoni Merigi, beseni la plastiki la rangi ya buluu, na nilikuwa natoka nalo bombani likiwa limejaa maji, nimelishika ukingoni kwa mikono miwili. Mwanamke mrefu aliyevaa koti la kijivu akatoka nyumba ya pili, akaja moja kwa moja, akalitoa mikononi mwangu bila hata salamu, akaliweka chini kwenye nyasi.

"Wewe ndiye mwalimu mpya wa Kiswahili?"

"Ndiyo, Madam."

"Nani alikufundisha kubeba beseni hivi?"

Akapitisha kidole pale ukingo unapokunjika. "Beseni inakufia hapa. Ukiibeba na mdomo ikiwa na maji, kabla mwezi kuisha imepasuka, halafu unasema plastiki ya siku hizi ni mbaya. Shika chini, kwa tumbo. Hata mtoto huwezi kumbeba na masikio."

Akainama, akalikumbatia beseni kwa chini, akanipelekea mpaka mlangoni pangu bila kumwaga tone. Hapo ndipo alinyoosha mkono kunisalimia kwa lugha ya kwao. "Haya, sasa chamgei. Jina lako nani, na umekula?"

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa upande wa Kisii, sijasomea ualimu bado, nimepewa kazi kwa barua ya muda katika shule ya msingi iliyo kati ya Merigi na Silibwet. Yeye alikuwa mwalimu wa sayansi kimu, na ndivyo alivyoitwa na kila mtu: wanafunzi, wazazi, hata mwenye duka. Madam Sayansi Kimu. Nyumba za walimu zilikuwa za mbao, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua saa anayochana nywele. Niliishi ubavuni mwake miaka minne.

Sisi wote tulisema kitu kimekufa. Redio imekufa, tochi imekufa, mwavuli umekufa. Yeye alikuwa akiuliza swali moja tu, na aliuliza kwa sauti ya daktari: "Imekufia wapi?" Alikuwa amejifunza, sijui kwa nani, kwamba kila kitu kina mahali pake dhaifu, na kwamba watu hutunza mahali pengine pote wakaacha pale. Gambuti hufia kwenye mkunjo wa kifundo cha mguu, kwa hiyo za kwake zililala zimening'inia kichwa chini kwenye vijiti viwili, mbali na moto. Tochi huuliwa na mawe yake yenyewe, betri, yakitoa maji, kwa hiyo kila asubuhi aliyatoa akayapanga dirishani. Chupa ya chai hufia kwenye kioo cha ndani pale inapopigwa na maji ya moto ghafla, basi aliitia kwanza maji ya vuguvugu kidogo, akaitikisa, akangoja, ndipo akatia chai. Sufuria zake alizipaka majivu yaliyochanganywa na sabuni kwa nje kabla ya kuziweka kwenye kuni, na masizi yalitoka kwa kitambaa, bila kukwaruzwa kwa mchanga. Wengi wetu tulikuwa tunasugua sufuria mpaka tunaona mwanga upande wa pili, tukijisifu kwa usafi.

Vitu vyake vyote vilikuwa vya bei ya chini. Hakuwa na kikombe cha udongo wala kitambaa cha kusifiwa. Alikuwa na vikombe vya bati, kiti cha kukunja, pasi ya makaa, kitana cha plastiki chenye meno yote, na lile koti la kijivu la mtumba. Mwalimu mmoja wa kiume alimtania kwamba siku ya kiama atafika mbinguni na kitana. "Na wewe utafika umetimka nywele," akamjibu, "na utaniomba, na sitakuazima."

Kweli, hakuwa anaazima. Hilo liliwaudhi majirani. Mtu akija kuomba pasi, alimwambia alete nguo, atamnyoshea mwenyewe. Lakini kutoa alitoa. Mama mmoja wa kijiji aliunguliwa na kibanda chake cha jikoni cha nyasi, na kabla hatujamaliza kusema pole, Madam alikuwa ameshamfungia sufuria mbili, mwiko na blanketi. Nilimwuliza inakuwaje anyime pasi ya saa moja halafu atoe sufuria za maisha. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Kitu cha kuazima hakina mwenyewe," akasema. "Mimi siko hapo, na yule anajua si chake. Lakini hiyo nimempa, ni yake. Ataangalia."

Wala hakuwa malaika wa uvumilivu. Alikuwa na hasira za karibu. Mtoto akiburuta dawati sakafuni, sauti ya Madam ilisikika mpaka kwenye mashamba ya chai ng'ambo ya barabara, na mara mbili nilimwona akivunja chaki vidoleni kwa hasira, chaki nzima, yeye ambaye aliokota vipande vya chaki vya darasa zima akavitia kwenye mkebe. Sukari pia hakuijali. Aliweka vijiko vinne katika kikombe kimoja, na ukimtazama aliongeza cha tano.

Ukuta ule mwembamba ulinipa pia habari ya mume wake. Alikuwa karani katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, mtu wa tai na mafuta ya nywele, na walikuwa wameachana kabla sijafika. Jumamosi moja mchana alikuja. Nilisikia akisema kwa upole, halafu kwa sauti kubwa, kwamba mke ni mke na ng'ombe za mahari zilitoka. Nilisikia pia Madam akisema, pole pole, "Toka." Nilipotoka nje nikijifanya naanika nguo, mume alikuwa tayari uani, na majirani wamesimama. Akatafuta wa kumwunga mkono.

"Mnaona huyu mama? Ametunza beseni miaka kumi na bwana imemshinda!"

Watu wawili watatu wakacheka. Madam alikuwa mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Beseni haijawahi kunipiga," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Yule bwana alishika njia ya barabarani, na Madam akarudi ndani. Muda mfupi baadaye nikasikia akiponda karanga. Jioni aliniletea nusu ya mboga aliyoipika. Hakutaja habari ile siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Lakini nikitaka mtu ajue alikuwa mwanamke wa aina gani, humsimulia habari ya Chelangat.

Chelangat alikuwa darasa la saba, msichana mwenye akili na aibu nyingi. Shule ilikuwa imeweka sheria kwamba hakuna kuingia darasani bila viatu, na wengi walivaa vile vya plastiki tulivyoviita sandak, ambavyo havikuogopa tope. Vya Chelangat vilipasuka kwenye mkanda, vyote viwili. Akarudishwa nyumbani mara moja, mara ya pili, na baada ya hapo hakuja tena. Wiki mbili zikapita. Tukasikia kwamba anachuma chai na baba yake, na kwamba kuna shangazi anamtafutia kazi ya nyumba mbali huko mjini.

Madam akanifuata darasani saa ya mwisho. "Vaa viatu ya kutembea," akaniambia. "Twende."

Tuliwakuta kwenye kituo cha kupimia chai. Wachumaji walikuwa wamekaa kando ya vikapu vyao wakingoja lori, na mzee mmoja alikuwa anachoma mahindi kwenye jiko. Chelangat alipotuona alijificha nyuma ya kikapu. Baba yake, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, akasimama akavua kofia.

"Mwalimu, si mimi nimekataza," akasema. "Hii mtoto amekataa mwenyewe. Kiatu imekufa. Na sheria ya shule ni yenyu."

"Imekufia wapi?"

"Hapo kwa mkanda."

"Iko wapi?"

Chelangat alikuwa navyo miguuni, amevifunga kwa kamba za katani. Madam akakaa chini kwenye nyasi, koti na yote, akamvua kimoja. Akatoa mfukoni kisu cha mezani kisicho na mpini, amekizungushia kitambaa, na kipande cha sandak kuukuu cha rangi hiyo hiyo. Akamwomba mzee wa mahindi nafasi kidogo kwenye makaa. Kisu kikapata moto. Akakiweka kati ya mkanda na kile kipande, plastiki ikayeyuka na kutoa moshi wa kukera, akabana kwa vidole, akapuliza, akahesabu kimya kimya kwa midomo. Alipoachia, akavuta kwa nguvu. Haikuachana.

Watu walikuwa wametuzunguka. Akampa baba kisu.

"Hiyo ingine ni yako."

"Mimi? Mwalimu, mimi sijui."

"Umeniona. Weka moto."

Alijiunguza kidole akaruka, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini alirudia, na mara ya tatu mkanda ukashika. Alikigeuza geuza kiatu kile mkononi. Nadhani ulikuwa muda mrefu tangu mtu amsifu kwa jambo lolote.

Chelangat alikuwa bado anatazama chini. Mkanda ulikuwa na kovu nene, jeusi, la kuonekana mbali. "Watanicheka," akasema.

"Ndiyo, watakucheka," Madam akasema. "Watacheka mpaka saa nne. Saa nne watachoka, wataenda kunywa uji. Wewe bado utakuwa na hesabu."

Jumatatu alikuja. Walicheka, kama alivyosema, na sikumbuki kama walifika saa nne. Habari ya kazi mjini haikusikika tena. Mwezi ule ule Madam alianza kufundisha darasa zima, wavulana kwa wasichana, kuziba sandak kwa kisu cha moto, na hakuna aliyerudishwa nyumbani tena kwa sababu ya mkanda.

Chumba chake cha sayansi kimu kilikuwa mwisho wa jengo, sakafu ya udongo, madirisha ya mbao. Alikijaza vitu kwa miaka: sufuria zilizotolewa na wazazi, pasi za makaa, sahani za bati, karai, brashi, sindano kwenye kipande cha sabuni, jiko la udongo alilolifunga waya lilipopata ufa. Vitu vya kuokoteza, lakini vyote vilifanya kazi. Kwa hivyo watoto walijifunza kupika, kufua, kushona, kupiga pasi. Kamati ya shule haikuwa imemnunulia hata mwiko.

Mwaka uliofuata, Chelangat akiwa darasa la nane, tukapata mwalimu mkuu mpya. Alikuwa kijana, msafi, mwenye haraka, na sitasema kwamba alikuwa mtu mbaya. Tuliambiwa wageni wanakuja kutoka ofisi ya elimu, na akaamua shule ing'ae. Ijumaa alasiri Madam alikuwa ameenda Silibwet na watoto wa michezo. Mwalimu mkuu akaingia chumba cha sayansi kimu, akaona vile vitu, akaita vijana wa kuchimba. Nyuma ya vyoo kulikuwa na shimo jipya la takataka, refu kufika kifuani. Vyote vikatupwa humo. Mvua ikanyesha Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu, tukiwa gwaride, wimbo wa taifa umeisha, Madam akafungua chumba chake. Alikikuta kitupu. Kisha akaja mbele ya wanafunzi wote.

"Mwalimu mkuu, vitu ya watoto iko wapi?"

"Madam, tutaongea ofisini."

"Iko wapi?"

"Zile zilikuwa takataka. Zitanunuliwa mpya."

"Lini?"

"Kamati ikikaa."

Madam aligeuka. Akazunguka nyuma ya vyoo, nasi tukasikia mmoja wa watoto wa mwisho wa mstari akisema kwa mshangao, "Anaingia!" Gwaride likageuka lote. Alikuwa ameweka koti lake juu ya uzio, amevua viatu, na alikuwa ndani ya shimo, matope mpaka magotini. Akainua sufuria, akaiweka ukingoni. Akainama, akainua nyingine.

Mwalimu mkuu akapiga kengele mwenyewe kwa mkono wake. "Darasani! Kila mtu darasani!"

Hakuna aliyesogea, wala kwenda darasani wala kwenda shimoni. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi ya walimu na rejista kifuani. Lazima niseme ukweli hapa. Kazi yangu ilikuwa ya barua ya muda. Neno moja la mwalimu mkuu lingenirudisha kwetu, na nyumbani wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma kwa mshahara wangu. Nilijiambia kwamba atatoka, kwamba atachoka, kwamba yeye ni mtu mzima anajua anachofanya. Niliweza kuona mgongo wake ukiinama na kuinuka, na damu kidogo kwenye kiwiko alipojikwaruza na karai.

Chelangat akatoka kwenye mstari. Alipita karibu yangu, hakunitazama, akaenda mpaka ukingoni, akapokea pasi ya makaa mikononi mwa Madam na kuanza kuipangusa matope kwa sketi yake. Hapo nikaweka rejista chini. Sikuhisi ushujaa wowote. Nilihisi aibu tu, na miguu ilitembea. Nilipofika nikanyoosha mikono, na Madam akanipa jiko lile la waya, zito, linalovuja maji machafu.

"Shika chini," akasema.

Nyuma yangu darasa la nane lote lilikuwa limeshapanga foleni kutoka shimoni mpaka bombani. Vitu vikapita mkono kwa mkono. Sahani tatu zilikuwa zimepondeka na sindano hazikuonekana kamwe. Vingine vyote vilioshwa vikaanikwa kwenye nyasi. Mwalimu mkuu alifunga mlango wa ofisi yake.

Wageni walikuja siku ya Jumatano na kupikiwa na darasa la nane katika sufuria zile zile. Walikula wakaomba tena. Mmoja alisifu jinsi chumba kilivyo na vifaa. Mwalimu mkuu akasema asante.

Muhula ulipoisha, barua ya uhamisho ikaja. Madam alipelekwa shule moja upande wa Ndanai, mbali na jamaa zake. Mimi sikuguswa, na hilo liliniuma kuliko kama ningeguswa. Nilimsaidia kufunga. Nilikuwa nalia, na nikamwambia kwamba nilichelewa, kwamba nilisimama pale mlangoni nikimwangalia.

"Nilikuona," akasema.

Nikangoja aseme neno lingine la kunipoza. Alikuwa anafunga kamba ya mzigo kwa meno. Alipomaliza akasema, "Siku ingine toka mapema." Halafu akaniambia nifute uso, kwa sababu Ndanai pia kuna watoto. Ufunguo wa chumba cha sayansi kimu alinipa mimi, na nikafundisha somo hilo pamoja na Kiswahili mpaka nilipokwenda chuoni.

Tulionana mara moja tena, karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa mwalimu kamili wakati huo, na nilikuwa nimepita Silibwet kwa shughuli zangu mwanzoni mwa mvua za Aprili. Mwanamke wa duka alipojua nilikofundisha zamani, akaniambia kwamba Madam amestaafu na yuko huko chini, kwenye kona ya shamba alilonunua. Nikashuka kwa njia ya utelezi.

Palikuwa mahali padogo, mteremko tu wenye udongo mwekundu uliolimwa upya. Alikuwa peke yake, amekonda, mvi zimetoka chini ya kitambaa, na alikuwa anapanda chai. Miche ilikuwa imepangwa kivulini, kila mmoja kwenye karatasi yake ya plastiki, na mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa mistari iliyopimwa kwa kamba. Alinisalimia kama tulioachana juzi. Akaniambia kwamba cheti cha shamba kina jina lake, lake peke yake, na kwamba ndugu wa kiume walikuja wakauliza mwanamke aliyeacha bwana anapanda chai ya nani.

"Ukawajibu nini?"

"Niliwauliza kama wamekuja na jembe."

Nikatazama mistari ile mirefu, na miguu yake iliyovimba vifundoni. Mche wa chai hauchumwi kabla ya miaka mitatu kwisha, na ndipo unaanza tu. Mtu akiupanda, watakaouchuma wengi bado hawajazaliwa. Nikasema, kwa upole niliodhani ni wema, "Lakini Madam, kwa umri huu? Ungepanda mboga, upate kitu haraka."

Alinyoosha mgongo taratibu. Alitazama mteremko wote kutoka juu mpaka kwenye kijito, kama mtu anayesoma ubao.

"Nilipanda mboga miaka thelathini," akasema. "Kwa shamba ya watu."

Wingu lilikuwa limekwisha kushuka juu ya mashamba ng'ambo ya kijito, na tone la kwanza likanipiga mkononi. Akainama, akachana karatasi ya mche, akauweka shimoni, akaukandamizia udongo kwa viganja viwili. Akasogea shimo la pili. Alikuwa amefika la nne alipogeuka akaniona bado nimesimama na mkoba wangu na viatu vyangu vya mjini.

"Mwalimu," akasema, "mvua haikungojei wewe. Anzia ule mwisho mwingine."

Nikavua viatu, nikaenda.